Bega la Kushoto

Kwenye duka letu la ushonaji jina la mteja halitajwi. Hiyo ni amri ya Mwenye Duka, na ana sababu zake: chumba cha kujaribia nguo ni pazia tu, na nyuma ya pazia anaweza kuwa amesimama wifi yake, shemeji yake, au mwenyewe unayemteta. Basi sisi mafundi tunawataja watu kwa vipimo vyao. "Kiuno arobaini karudi, anasema suruali imesinyaa." "Suruali haijasinyaa, ni yeye aliyenawiri." "Umesikia shingo kumi na tatu kaposwa?" "Na nani?" "Yule wa suti ya kijivu, mguu mmoja mrefu." Siku nzima tunashona na kusengenya, na wateja wanaosubiri zipu zao wanatutazama wakidhani tunazungumza kazi.

Miaka kumi na moja hatujakamatwa hata mara moja. Tulijiona wajanja sana. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba nilichofanya sikukifanya kwa ubaya. Nilikifanya kwa mazoea, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kunyamaza.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda cha rangi. Kabla ya ukarani alikuwa mbebaji, miaka minane akibeba ndoo kwa upande wa kushoto ili mkono wa kulia ubaki wa kusaini karatasi, na bega la kushoto likashuka inchi moja na robo. Shati la dukani halimkai. Mashati yake yote nimeyashona mimi, nyumbani, na vipimo vyake haviko kwenye daftari lolote, viko kwenye vidole vyangu. Watu wanatuita Baba Pacha na Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zetu wawili walio darasa la saba, na sisi wenyewe tunaitana hivyo hivyo.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda kituo cha treni kutuma furushi la sare za shule. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwenye ukumbi wa abiria, kwenye benchi lililo chini ya saa kubwa, nikamwona Baba Pacha amekaa. Gazeti mkononi, mfuko wa chakula cha mchana juu ya magoti. Sikumwita. Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye kibanda cha magazeti, nikajificha, nikamtazama dakika ishirini nikingoja treni, mgeni, mzigo, sababu yoyote ile ya yeye kuwa pale. Treni mbili ziliingia zikatoka. Yeye alifunua ukurasa mmoja tu.

Jioni akarudi saa yake ileile.

"Kazini vipi?" nikamwuliza.

"Leo mzigo ulikuwa mwingi," akasema. "Mgongo umekatika."

Nikamwekea maji ya kuoga. Kesho yake nilimpigia simu mke wa mwenzake wa ghalani, nikamzungusha kwa maneno ya hapa na pale mpaka akasema mwenyewe: ghala lilifungwa tangu mwezi wa kumi na mbili, wote walipewa barua. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kitako palepale sakafuni.

Utasema ningezungumza naye. Najua. Lakini wewe hujamwona akifunga kifungo cha juu mbele ya kioo, halafu akigeuka kuwaambia wanawe, "Baba anakwenda kazini, na nyinyi mkafanye bidii." Yule mtu alikuwa amebaki na kitu kimoja tu cha kushikilia, nacho ni hicho. Nikajiambia, mpe muda. Atapata kazi, kisha atakuja kuniambia kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nitashangaa. Hata namna ya kushangaa nilishaifanyia mazoezi. Nikawa nakwenda kumchungulia mara mojamoja, nikirudi dukani nikisema nilikuwa natafuta uzi.

Kwa hiyo nikanyamaza. Mimi, ambaye siri ya mtu haijawahi kulala kinywani mwangu hata usiku mmoja, nikanyamaza wiki saba.

Ndipo akaja yule binti wa kamera. Alikuwa na miaka thelathini hivi, kichwa amenyoa, suruali ina mifuko kumi, tuliihesabu. Alileta majora mawili ya kitambaa cheusi kizito, akataka mapazia marefu yenye upindo mpana wa chini ili yasipeperuke. Mwenzangu wa mashine ya pembeni, ambaye sote tunamwita Kifupi, akamwuliza kama amefiwa. Binti akacheka, akasema hapana, yeye ni msanii, anatengeneza sanaa ya video juu ya umbea.

"Umbea nao unahitaji sanaa?" Mwenye Duka akauliza.

"Unawahitaji nyinyi," akasema binti.

Akatueleza. Ukutani zitakaa skrini tisa, kila moja ina uso wa mtu. Juu ya kila skrini pana kamera ndogo inayojua kama kuna mtu anaitazama. Ukiukazia uso macho, wenyewe unanyamaza na kukutazama tu, vile watu wanavyonyamaza ukiingia chumbani ghafla. Ukiupa mgongo, ukajifanya unasoma gazeti au unatafuta kitu kwenye mkoba, uso unaanza kusema. Anayetaka kusikia lazima ajifanye hasikilizi. Nyuso ni za waigizaji, lakini sauti ni za watu wa kweli, na hao watu wa kweli ndio aliokuwa anawatafuta. Sharti lake lilikuwa moja tu: tusitaje jina la mtu yeyote.

Tulivunjika mbavu. Alituambia hilo sisi.

Tukaingia mmojammoja nyuma ya pazia la kujaribia nguo, yeye na kinasa sauti chake, wengine wakisikiliza nje. Kifupi alitoa ya kiuno arobaini. Mwenye Duka alitoa mbili na akataka ya tatu. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimepanga kusimulia uchumba wa shingo kumi na tatu, Mungu ni shahidi. Lakini nilipokaa kwenye kigoda, pazia limefungwa, na mbele yangu mtu ananisikiliza kwa makini bila kunikatiza, nikajisikia nasema mengine.

"Shingo kumi na tano na nusu," nikasema. "Kifua arobaini na moja. Bega la kushoto limeshuka inchi moja na robo. Kila asubuhi anapiga pasi shati, anawaaga watoto, huyo kazini. Kazi yenyewe ni benchi la kituo, chini ya saa. Saa sita na nusu anakula, utadhani kengele imelia. Jioni anarudi anasema mgongo umekatika. Na mkewe anajua. Mkewe anamwekea maji ya kuoga."

Niliisimulia vile tunavyosimulia dukani, kwa madaha. Kifupi alicheka nje ya pazia, na mimi nikacheka pia. Wiki saba nilikuwa nimebana pumzi. Kile kicheko kilipotoka nilijisikia nimepona.

"Huyo nani?" Kifupi akaniuliza nilipotoka. "Mbona kwenye daftari simjui?"

"Mteja wa zamani."

Nikatia saini karatasi ya binti bila kuisoma, nikarudi kwenye mapazia yake. Mahali atakapoiweka sikuuliza. Alisema "mahali pa watu," na mimi nikafikiria jumba la makumbusho, kule wanakopelekwa wanafunzi na wageni. Baba Pacha huko hakanyagi.

Mwezi wa tano mwanzoni, mteja mmoja alileta gauni lenye zipu mbovu, akakaa kwenye kiti cha kusubiria, akaanza kutupa habari za mjini.

"Mmekwenda kuziona zile nyuso za kituoni?"

"Kituo gani?" nikauliza.

"Cha treni. Ukuta mzima unasengenya. Kuna wa tatu kutoka kushoto, mama mmoja mnene hivi, ana sauti tamu, anamsema mwanamume anayejifanya anakwenda kazini kumbe anakaa palepale kituoni. Eti bega la kushoto limeshuka inchi moja na robo." Akalishusha la kwake kutuonyesha. "Sasa kituo kizima kinamsaka. Watu wanakaguana mabega. Mdogo wangu yuko dirisha la tiketi, anasema wameshapata watatu, bado kuthibitisha tu."

Kifupi akacheka, kisha akanitazama, kisha akaacha kucheka. Kumbe alikuwa akimwona Baba Pacha kila alipopita kunichukua jioni, na hakuwahi kumtazama bega mpaka dakika ile. Mimi nilikuwa nimeshika zipu mkononi na sijui nilitaka kuifanya nini.

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wetu. Kwetu vipimo ni kificho, kwa sababu tunavisema mbele ya watu wasiovijali. Sikufikiri kwamba ukimpa mtu asiye fundi kipimo kimoja, cha mtu mmoja, hatakiacha. Atatembea nacho akimpimia kila anayepita. Jina lingekuwa nafuu. Wenye jina la mume wangu mjini humu wanajaa uwanja wa mpira. Mwenye bega lile ni mmoja.

Jumapili, Baba Pacha akiwa nyumbani "anapumzika," nikaenda. Mapazia yangu yalikuwa yananing'inia sawasawa, upindo umetulia. Skrini tisa zilikuwa kwenye ukuta wa saa kubwa, nyuma ya lile benchi lake. Nyuma kabisa. Anayekaa pale anaupa ukuta mgongo tangu asubuhi mpaka jioni.

Nikasimama mbele ya uso wa tatu. Yule mama mnene alinitazama kimya, midomo imefungwa, nyusi juu kidogo. Nikageuka. "…huyo kazini," ikasema sauti yangu nyuma ya kisogo changu. "Kazi yenyewe ni benchi la kituo." Halafu kile kicheko. Nilidhani nilicheka kidogo. Nilicheka sana, kicheko cha mtu asiye na huruma hata chembe, na vijana wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka nacho pamoja. Mwanamke wa usafi aliegemea ufagio wake akawaambia, "Ngojeni, inarudia ile ya bega."

Nikageuka nikaitolea macho. Ikakatika katikati ya neno. Nilipotazama pembeni ikaendelea palepale ilipoishia. Basi nikasimama nikaikodolea mpaka machozi yakanitoka, na ukumbi ukawa kimya, na nikaanza kufikiri labda hii ndiyo dawa. Mwanamume mmoja akanigusa kiwiko.

"Mama, sogea basi. Ukiitazama haisemi, na wenzio tunataka kusikia."

Nikasogea. Ningefanya nini?

Jioni ile mezani Pacha walikuwa wamechangamka. Shuleni hakuna habari nyingine. Mmoja alisema mwalimu wao wa michezo ana bega hivyo, mwenzake akasema si la kushoto, ni la kulia, wakabishana.

"Baba," akauliza wa kwanza, "kazini kwenu wameisikia?"

"Kazini hatuna muda wa umbea," akasema baba yao, akaomba chumvi.

Nilimtazama usoni nikitafuta dalili. Alikuwa anakula polepole, macho kwenye sahani. Nilimpa chumvi, akanyunyiza, akaendelea kula.

Jumatatu nikamtafuta binti wa kamera. Simu yake haikupatikana. Baada ya siku mbili akanitumia ujumbe wa sauti kutoka nchi nyingine, alikokwenda na kazi yake nyingine. Alikuwa na furaha. "Shangazi, yako ndiyo inayopendwa kuliko zote. Tena wazo la kituo umenipa wewe, mimi nilikuwa napeleka jumba la makumbusho, nisingepata hata watu kumi." Nilimwomba aitoe. Akajibu kwamba zote zimeshonwa pamoja, ndivyo alivyosema, zimeshonwa, ukifumua moja zinafumuka zote, na hakuna anayeweza kuigusa mpaka arudi mwezi wa tisa. Labda nizungumze na kituo. Ujumbe wa mwisho ulikuwa mfupi: "Pole kama imekugusa."

Nikaenda kwa meneja wa kituo. Ni mtu mpole, alinipa kiti. Katika chumba hichohicho palikuwa na katibu wake na makarani wawili wakichapa.

"Inawezekana kuizima moja," akasema. "Lakini lazima alalamike mwenye sauti, au anayesemwa. Aje na kitambulisho, ajaze fomu, itakwenda kwenye kikao. Sasa wewe mama, ni yupi kati ya hao?"

Kuchapa kukakoma. Karani mmoja aliinama kuokota kalamu na hakuinuka. Niligeuka kuwatazama, wakaanza kuchapa. Nikamgeukia meneja, wakaacha. Nikaelewa kwamba nikisema neno moja, kabla sijafika nje ya geti kituo kizima kitajua bega ni la nani, na kabla ya jioni Pacha watajua.

"Mimi si yeyote," nikamwambia. "Nilikuwa nauliza tu."

"Karibu tena," akasema.

Kifupi alinishauri niseme kila kitu nyumbani, kabla hajasikia kwa watu. Kila jioni nilijiandaa, na kila jioni alirudi, akaning'iniza koti nyuma ya mlango, akasema mzigo ulikuwa mwingi, na mimi nikamwekea maji ya kuoga. Kumwambia "najua" ilikuwa ni kumwambia pia "na wote wanajua, na aliyewaambia ni mimi." Ya kwanza ningeweza. Ya pili ilinishinda. Jambo moja nililiona, macho yake yalikuwa mekundu siku hizo, nikadhani ni vumbi.

Wiki ya tatu ya mwezi nikaamua kuiharibu. Ndiyo, kuiharibu, kukata waya, na lolote liwe. Nilijua Baba Pacha huwa anatoka ukumbini saa nane mchana kunyoosha miguu mpaka saa tisa. Saa nane na robo nikafika na mkoba wangu wa kazi, nikamwambia mlinzi mimi ndiye fundi wa mapazia, nimeambiwa upindo umefumuka. Akanifungulia kamba ya kuzuia watu. Nikapiga magoti nyuma ya pazia, mkasi mkononi, nikatafuta waya. Hapakuwa na waya. Palikuwa na sanduku la chuma lililochomelewa ukutani, na kufuli lake.

Mlinzi alikuwa amesimama karibu, anataka maongezi.

"Yenyewe hii ya tatu siku hizi haisemi, mama fundi. Watu wanalalamika."

Nikashusha mkasi. "Imeharibika?"

"Wapi. Kuna mzee mmoja. Tunafungua asubuhi, yuko mlangoni. Anakwenda kukaa mbele yake, haondoi macho mpaka jioni. Wiki mbili sasa. Zamani alikuwa anakaa benchi la chini ya saa, na mchana anatoka kidogo, siku hizi hatoki. Tulimshuku yeye, lakini mabega yake yako sawa. Hata kula, anakula akiitazama. Tunamwambia mzee, geuka basi kidogo watu wasikie. Anasema anapenda uso wa yule mama." Akacheka. "Mapenzi hayo."

Nikalifunua pazia kidole kimoja.

Alikuwa kwenye benchi la pili, hatua nne kutoka ukutani, anautazama ule uso wa tatu. Amevaa koti, na joto lile. Gazeti limekunjwa pembeni yake, halijafunguliwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, si ya kulia, ni ya kukodoa, na alikuwa anayafuta kwa kitambaa, jicho moja kwanza, kisha la pili, kwa zamu, ili moja libaki wazi. Na bega la kushoto lilikuwa limelingana na la kulia. Mimi ni fundi, nimelipima bega lile miaka kumi na sita. Najua haliwezi kulingana. Alikuwa amelinyanyua. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, na mkono wote wa kushoto, mpaka kwenye vidole, ulikuwa unatetemeka.

Nilibaki nimepiga magoti. Alikwisha kuisikia. Alikaa pale, mgongo ukutani, akasikia sauti ya mkewe ikimsema na kicheko cha mkewe kikimcheka, akasikia watu wanacheka, halafu akaja nyumbani akala, na Jumapili mezani akaomba chumvi. Na kesho yake akahama benchi, akapata kazi. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake sasa, kuanzia kufunguliwa mpaka kufungwa.

Sijui nilitokaje nyuma ya pazia. Nilikwenda nikakaa kando yake. Aliniona kwa pembe ya jicho. Nilijua kwa sababu pumzi ilimsimama. Hakugeuka. Angegeuka ingesema.

"Mama Pacha."

"Baba Pacha."

"Leo hukwenda dukani?"

"Nimekwenda. Nimetoka kidogo."

"Mimi pia nimetoka kidogo," akasema.

Nilitaka kulia nikajizuia, kwa sababu mwanamke wa usafi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Nisamehe," nikasema chini chini. "Nilidhani itakwenda mbali. Jina sikutaja."

"Nilisikia hukutaja." Alifuta jicho la kulia, akangoja, akafuta la kushoto. "Vipimo umevisema sawasawa. Isipokuwa kifua. Kifua sasa ni thelathini na tisa."

Miezi ile yote nilikuwa nakaa naye meza moja, na tepu shingoni mwangu, na sikuona.

"Shusha bega," nikamwambia. "Unajiumiza."

"Yule wa ufagio ananitazama tangu asubuhi."

"Basi pumzisha macho. Nitaitazama mimi."

Alifikiri. Kisha akafumba macho yote mawili, taratibu, na kichwa kikamwinamia kifuani. Mimi nikayatoa ya kwangu. Yule mwigizaji mnene alinitazama, akipepesa kope apendavyo, hana haraka. Dakika ya kwanza ni rahisi. Dakika ya tano macho yanawaka. Nilijiuliza yeye amewezaje saa tisa kwa siku.

"Inaondoka lini?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Mwezi wa tisa."

"Huu ni wa tano."

"Ndiyo."

Nilidhani amesinzia. "Nilikwenda viwanda kumi na viwili," akasema, "kabla ya kuja kukaa hapa. Nataka ulijue hilo."

"Nimelijua."

"Saa tisa treni inaingia. Wanapita hapa katikati, mbele yetu, na mizigo. Ndio wakati mgumu. Mimi huwa nasimama, naitazama juu ya vichwa vyao. Wewe ni mfupi."

Kabla sijajibu milango ya jukwaa ikafunguliwa. Watu wakamwagika ukumbini, wamechoka na safari, wanatafuta njia ya kutokea, na hakuna hata mmoja aliyeutazama ukuta. Nikasimama. Nikasimama kwa ncha za vidole. Nikauona uso kati ya mabega mawili, ukapotea, nikauona tena juu ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Kisha mwanamume mrefu mwenye boksi kichwani akasimama mbele yangu kabisa, akitafuta tiketi mfukoni. Nikaenda kulia, boksi likaja kulia. Nikaenda kushoto. Nilimsukuma, kwa kweli nilimsukuma kwa mikono miwili, naye akaniuliza nina nini.

"Shingo kumi na tano na nusu," ikasema sauti yangu ukutani.

Mtu mmoja akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Mwanamke wa usafi aliacha kufagia. Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa amekwisha fumbua macho, amekaa wima, na alikuwa analinyanyua bega.